Nana Hakunywa Maji Lukozi

Msimamizi wangu chuoni aliponiuliza kwa nini nataka kuandika juu ya mila za familia za Kihindu mkoani Tanga, nilimjibu kwamba eneo hilo halijatafitiwa vya kutosha. Alifurahi, akatia saini. Uongo mtupu. Nilikuwa namtaka babu yangu, na sikujua njia nyingine ya kumsogelea.

Ni babu mzaa mama, Mhindu wa Kigujarati. Kwao babu wa namna hiyo huitwa Nana, nami nilimwita hivyo tangu nilipojua kusema. Alikuwa na duka la vitambaa Lushoto mjini. Mama yangu, Nirmala, alikuwa mtoto wake wa pekee, na akaenda kuolewa bomani na Idrisa, Mshambaa wa Lukozi, Mwislamu, mkulima wa kabichi na karoti. Huyo ndiye baba yangu. Watu walisema wee, mpaka wakachoka wenyewe.

Kila Jumapili Nana alifunga duka akapanda Lukozi kutuona. Aliniletea pipi za iliki, akanipakata, akaniimbia Kigujarati nisichokielewa. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki roho yangu inamtafuta. Lakini kwetu hakula. Wacha chakula. Hata maji hakunywa. Bibi Hadija, mama yake baba, alimletea chai ya maziwa, naye Nana akakutanisha viganja vyake kifuani na kutabasamu: hapana. Ndizi mbivu, hapana. Kiu ikimzidi alitoka hadi dukani kwa Salimu, barabarani, akanunua soda na kuinywa amesimama juani. Na Washambaa tulivyo, mgeni akikataa maji yako amekutukana, usitafute maelezo zaidi.

"Anatuona najisi," bibi alisema kila Nana alipoondoka.

Mama hakumtetea. Alifiwa na mama yake angali mchanga, akalelewa shule za bweni, na mila za kwao alizijua nusunusu. Nadhani naye aliamini hivyohivyo, na ilimuuma kuliko sisi sote. Nana naye hakueleza. Jambo ambalo kwao kila mtu analijua, nani angekaa kulieleza?

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Tulimzika Lukozi, kama alivyoomba. Nana alikuja, akakaa mkekani na wanaume, mdogo kuliko nilivyomzoea. Wakati wa chakula baba mwenyewe alimbebea sahani ya wali na maharage, akainama kumpa. Nana akakutanisha viganja.

"Hata leo, mzee?" baba alisema mbele ya watu wote. "Hata msibani kwa mwanao? Basi ukitoka hapa usirudi."

Nana aliinuka, akavaa viatu, akaondoka. Baadaye tukasikia amefunga duka na kuhamia Tanga kwa mpwa wake. Hakurudi tena, kama alivyoambiwa. Mimi nilibaki na swali moja ambalo hakuna mtu nyumbani niliyeweza kumuuliza: huyu mzee alitupenda, au alikuwa anamfuata mwanawe tu na sisi tulikuwa uchafu wa njiani?

Ndiyo maana nikaenda Tanga na kinasa sauti. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Mwalimu Kokila, mstaafu, mwanamke wa maneno makali na vitafunio vingi. Tulizungumza sherehe, mifungo, lugha anazozungumza na wajukuu. Nikafika kwenye chakula: nani anakula kwa nani.

"Na mzazi hali kwa binti yake aliyeolewa," alisema, akinisogezea sahani.

Niliiacha sahani. "Hali kwa nini, mwalimu?"

"Binti umeshamtoa, mwanangu. Umemtoa zawadi, na mtoa zawadi hategemei kitu. Ukienda kula kwake ni kama umemuuza. Wengine huacha mila hiyo binti akipata mtoto, wengine wanashika mpaka kufa. Baba yangu alikuwa akija kwangu na chupa yake ya maji. Vijana wa siku hizi hawana habari."

"Na binti akiwa ameolewa na mtu wa dini nyingine? Na baba hakutaka?"

"Kama baba haitambui hiyo ndoa, binti si bado wake? Angekula tu, kwani pale pangekuwa kwa nani?" Alinitazama vizuri, akalainika. "Ukimwona hanywi maji, ujue ndoa ameikubali. Nani huyo, mwanangu?"

Nililia mbele ya mtu niliyekuja kumhoji, na utafiti wangu ukaishia hapo kwa siku hiyo.

Nana alikuwa mitaa michache tu kutoka pale, lakini sikwenda. Neno lililomfukuza lilikuwa la baba, na ni baba aliyepaswa kuliondoa. Nikapanda Lukozi. Nilimkuta mtoni anaosha karoti za kupeleka sokoni, nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Aliendelea kuosha. "Hebu rudia," alisema.

Nikarudia. Akakaa juu ya gunia, mikono inamchuruzika maji.

"Nilifikiri ananiona mbwa," alisema. "Kumbe Jumapili zote zile alikuwa ananiita mkwe. Na mimi nikamfukuza kwenye kaburi la mwanawe."

Kesho yake tuliteremka Tanga, baba amevaa koti la harusini, amebeba kikapu cha pea kutoka shambani kwetu. Nilimwambia kikapu si cha lazima. Alisema hawezi kwenda kwa mkwewe mikono mitupu, na hapo sikubishana naye.

Mpwa wake Nana alitupokea vizuri, ila alitunong'oneza mlangoni tusitegemee makubwa. Mzee amesahau karibu kila kitu. Hata yeye anayemlisha, mzee humwita kwa majina ya watu waliokwisha kufa.

Nana alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha. Nilimwamkia, akanipapasa kichwa kwa adabu, kama mtoto wa jirani. Nilikuwa nimemsubiri miaka yote hiyo, naye hakunijua. Baba akapiga magoti mbele yake.

"Mzee, ni mimi Idrisa. Nimekuja kuomba radhi."

Nana alimwangalia bila kitu usoni. Baba, kwa kukosa la kufanya, akachukua pea moja kikapuni akampa. Nana akaipokea, akainusa, akaanza kuipeleka mdomoni.

"Inanukia hii," alisema. "Inatoka wapi?"

"Lukozi, mzee. Shambani kwangu."

Mkono ukasimama. "Lukozi," alisema. "Nirmala yuko Lukozi. Kwa mume wake."

Taratibu akairudisha pea kikapuni, akakisukuma kikapu kwa mguu, akakutanisha viganja vyake.

"Nisamehe, mwanangu. Vya nyumbani kwa binti yangu, mimi sili."

Baba aliangua kilio. Aliishika mikono ile miwili, akaiweka usoni pake, akamwita kwa jina ambalo hakuwahi kumwita.

"Usile, baba," alisema. "Usile."