Chujio Lililojaa Vumbi Lenu

Umegeuza uso. Nimekuona. Vumbi la magurudumu yako lilipotufunika ulipandisha kioo, ukatazama upande wa pili, kana kwamba mlima huu hauna watu.

Nakuonea wivu, sifichi. Naionea wivu injini yako inayopanda ikinong'ona, na mkono wako mmoja tu juu ya usukani. Pikapu yetu inapanda ikikohoa. Nyuma amelala dada yangu, kifua kimembana tangu asubuhi, na zahanati iko juu, huko kwenu, kwenye lami.

"Shukeni, mzigo umezidi!" anafoka shemeji, mumewe, aliye kwenye usukani.

"Hata mimi mzigo?" dada anauliza, kila neno na pumzi yake.

"Wewe unyoya, mke wangu. Mzigo ni huyu kaka yako na domo lake."

Tunashuka sisi wengine, tunasukuma. Miaka yote tunasukuma. Miaka yote tunaamini sisi ndio uzito.

Leo nimefungua boneti. Kumbe shemeji amelifunga chujio la hewa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, ili vumbi lenu lisipenye. Hewa nayo imekosa njia.

Sikiliza, wewe wa nyuma ya kioo. Kwenye tambarare injini huridhika na pumzi kidogo. Mlimani hudai nyingi, kwa kuwa mafuta bila hewa hayawaki sawasawa. Yanatoa moshi mweusi, na nguvu zinayeyuka. Si uvivu. Si uzito. Ni kukabwa.

Nimekirarua kitambaa. Nimechelewa: chujio lenyewe limejaa vumbi hadi limekuwa tofali, injini imekohoa mara ya mwisho, imezima. Shemeji ameketi kando ya gurudumu, kitambaa mkononi.

Nayakumbuka magari yote yaliyotupita hapa. Jeupe, siku ya mvua. Jeusi, siku tuliyompandisha mama, naye hakufika. Nina kumbukumbu ndefu kuliko mlima huu, nina wivu mrefu kuliko kumbukumbu.

Vumbi lako limetua sasa. Limetua kwenye kope za dada, laini kama poda, na kifua chake kinapanda mlima peke yake.

Kiti chako cha nyuma ni kitupu. Nimekiona, hata hicho nimekionea wivu. Taa zako za breki zimewaka pale mbele, basi usiondoke. Rudi nyuma. Fungua mlango. Mpakie sasa hivi, angali anapumua.