Mzee Amepumzika

Simu ilipigwa Jumatatu asubuhi, akaipokea shangazi. Duka hili la kazi za mikono ni lake. Alikuwa na sindano mdomoni na mkufu wa shanga mkononi, haujaisha, kwa hiyo simu aliibana kati ya sikio na bega. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye vigoda, nikasikia upande wake tu.

"Eeh, mama, nakusikia. Sema... Nini?"

Sindano ikamdondoka. Hapo nikajua kuna jambo, maana shangazi hadondoshi sindano.

"Lini? Jamani... Na mmeshamaliza kila kitu? Basi, mama. Poleni. Poleni sana."

Simu ikakatika. Akaiweka juu ya meza taratibu kama kitu cha moto.

"Mzee Msasa amepumzika," akasema.

Mzee Msasa alikuwa mchongaji wetu wa vigoda. Jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake, inakwaruza kama msasa juu ya mbao. Rafu nzima ya upande wa dirishani ilikuwa ya vigoda vyake, vyenye miguu iliyopinda kidogo kwenye goti, kama mnyama anayetaka kuinuka. Wageni wakiingia dukani huenda kwenye rafu ile moja kwa moja. Wanakichukua kigoda, wanakigeuza juu chini, wanatafuta jicho. Jicho ndiyo alama yake, analichonga chini ya kiti mahali ambapo halionekani. Kigoda kisicho na jicho hakuna aliyekitaka.

"Mkewe ndiye aliyepiga," shangazi akaniambia. "Kasema mzee amepumzika, karakana wameifunga, na kila kitu wameshamaliza, tusihangaike."

"Wamezika bila kutuambia?"

"Ndiyo hivyo. Utawauliza?"

Alijaribu kupiga tena, simu haikupatikana. Kwenda kuhani nako hakukuwezekana, maana mvua ilikuwa imeikata barabara ya kwao na hata malori yalikuwa yanapita kwa kubahatisha. Lakini Jumamosi ile tulikuwa na mkutano wetu uani, ule ambao wafinyanzi, wasusi na wapiga ngoma huja kuonyesha kazi na kuburudisha watu. Shangazi akaamua mkutano uwe wa mzee. Akamwandikia mke wa mzee ujumbe na kunisomea kabla hajautuma: "Jumamosi tunamuenzi mzee hapa dukani. Karibuni wote."

Jibu likaja kesho yake. "Asanteni sana. Hii ni heshima kubwa."

"Maskini," shangazi akasema, akajifuta macho.

Wiki nzima watu walimsema mzee kwa uzuri, hata wale aliokuwa akiwafokea. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye hutunga mashairi na sisi tunamwita Mtunzi, aliandika shairi refu la maombolezo. Alilijaribia kwangu kila alipopita, na kila alipopita lilikuwa limerefuka.

"Hapa ndipo watalia," alikuwa ananionyesha kwa kidole. "Wewe mbona hulii?"

"Nafanya kazi, kaka."

"Siku yenyewe utalia."

Jumamosi mchana, watu hawajaanza kuja, aliingia mwanamke mwenye begi la safari na vumbi la basi mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia kwanza. Alikwenda kwenye ile rafu ya dirishani akasimama. Nikafikiri ni mteja, nikamsogelea. Nilipoona mikono yake, yenye sugu na makovu madogo madogo, nikajua si mteja.

"Karibu, dada. Vya marehemu hivyo."

"Najua," akasema. "Mimi ni binti yake."

Nikampa pole. Akaipokea kwa kichwa tu. Nikamuuliza kama ametoka nyumbani kwa mzee.

"Mimi? Nyumbani alinipiga marufuku kukanyaga. Habari yenyewe nimeipata kwenye simu, watu walikuwa wanatumiana. Kama nilikuwa siingii akiwa hai, niingie leo kumfanyia nini?"

Alichukua kigoda kimoja akakishika kama unavyomshika mtoto uliyemzaa mwenyewe, bila kuogopa kukiangusha.

"Mdogo wangu, njoo uone huu mguu. Patasi iliteleza hapa. Nikakaa nao mchana kutwa natafuta nifanye nini, mwisho nikaligeuza kosa kuwa ua. Unaona ua?"

Ua nililiona. Nilikuwa nalifuta vumbi kila siku.

"Umesema iliteleza," nikamwambia. "Ilimteleza nani?"

"Mimi."

Nikabaki na kitambaa mkononi. Yeye akaendelea kugeuza kimoja baada ya kingine, akinieleza huu mti ulitoka wapi, kile kilimchubua kidole gani. Alikuwa akichonga yeye nyuma ya karakana, kwenye mbao ambazo baba yake ameshazitia jicho, kisha baba anavileta kwetu. Siku alipoomba aweke alama yake mwenyewe, hata kwenye kimoja tu, ndiyo siku aliyofukuzwa.

"Huko niliko bado nachonga," akasema. "Watu wanavipenda. Halafu wanageuza, hawaoni jicho, wananirudishia. Wananiambia, dada, unaiga vizuri sana. Naiga mikono yangu mwenyewe, mdogo wangu."

"Ungesema."

"Nimuumbue baba yangu yuko hai? Niliona haya. Lakini leo kafa, na leo nitasema mbele ya watu wote wa kazi hii. Wakiniamini, nitachonga mpaka nizeeke. Wasiponiamini, patasi zangu zimo humu kwenye begi. Naziuza hapa hapa, natafuta kazi nyingine."

Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayetaja saa ya basi lake la kurudi.  Nilitaka kumwambia shangazi yote, lakini uani watu walikuwa wameanza kukaa na shangazi alikuwa akinipigia kelele nilete viti.

Tulikuwa tumeweka meza mbele, juu yake picha ya mzee na maua pembeni. Shangazi alizungumza, akashindwa kumaliza kwa kilio. Mtunzi akasoma. Ilipofika pale pa kulia watu walilia kweli, naye akanitupia jicho mimi. Alipoketi, shangazi, ambaye nilikuwa nimemnong'oneza tu kwamba binti wa mzee amekuja, akasema yupo mtu wa familia.

Binti alisimama karibu na picha. Hakuitazama.

"Baba yangu alikuwa fundi," akasema. "Alinifundisha kila ninachokijua. Lakini vigoda vilivyo dukani, vile mnavyovisifu, si yeye aliyevichonga. Nimevichonga mimi."

Nikasikia turubai la juu yetu likipigwa na upepo. Kisha manung'uniko yakaanza kwa nyuma, yakaja mbele.

Mfinyanzi mmoja, mama wa makamo aliyekaa na vyungu vyake miguuni, ndiye aliyesema kwa sauti.

"Wewe binti, huna haya? Udongo wa baba yako haujakauka."

"Ndiyo maana nimengoja mpaka—"

"Umengoja asiweze kujibu! Mngekuwa wawili hapa ungethubutu?"

"Mwacheni aseme," ikasema sauti mlangoni.

Sauti ile haina mwenzake. Inakwaruza.

Sikugeuka. Wenzangu wote waligeuka, mimi nikawa naziangalia nyuso zao, na kwa nyuso zao nikajua sikuwa nimesikia vibaya. Mama mfinyanzi aliruka vyungu vyake mwenyewe, kimoja kikapasuka, hakukitazama. Mpiga ngoma aliikumbatia ngoma yake kama ndiyo inayotaka kuchukuliwa. Shangazi alikaa mahali ambapo hapakuwa na kiti. Mtunzi alikuwa akilikunja shairi lake, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kidonge.

Ndipo nikageuka. Mzee Msasa alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti lake zuri, amechana nywele, ana tope la safari ya lori kwenye viatu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kusifiwa na amechelewa kidogo makusudi, kama wanavyochelewa wageni wa heshima. Akaiona picha. Akaifurahia.

"Picha nzuri," akasema. "Lakini maua hayo mbona kama ya msibani?"

 Shangazi alikuwa bado chini.

"Mzee," akasema kutoka pale chini. "Tuliambiwa umepumzika."

"Ndiyo. Nimepumzika. Kazi nimeacha."

"Mkeo alisema kila kitu mmeshamaliza."

"Tumeshamaliza. Oda zenu zote zilikwisha, hatuna deni na mtu. Karakana nimeifunga." Akatazama picha, akatazama maua, akatazama macho ya watu yaliyokuwa mekundu. Nikaona linamwingia polepole. "Kumbe mlinizika."

"Tulikuenzi," akasema Mtunzi kwa sauti nyembamba. "Sasa shairi langu, mzee?"

"Liweke. Nitalihitaji."

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Maana binti alikuwa bado amesimama mbele, na sasa wote tukamkumbuka. Rangi ilikuwa imemtoka. Mkono wake ulikuwa umeishika meza kama mtu anayesikia sakafu inateleza.

"Baba," akasema mwishowe.

"Endelea," mzee akamwambia. "Marehemu hajibu."

 Nilimwona akiangalia lilipo begi lake, na lile begi nilijua lina nini. Nikasema moyoni, basi, kwisha. Atalichukua, atatoka na patasi zake, na vigoda vitabaki na jicho lao.

Mzee alipita katikati ya watu, nao wakawa wanajitenga asiwaguse. Mfinyanzi alijivuta na sketi yake yote. Alipofika mezani nikampa kikombe cha maji, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Alikipokea kwa mikono miwili. Maji yakaanza kumwagika, hayakufika mdomoni, yakalowesha koti. Akakiweka kikombe karibu na picha yake na kuifungua mikono tuione. Ilikuwa ikitetemeka yenyewe, kila kidole kwa mwendo wake.

"Mlipoambiwa nimepumzika mlidhani ni wiki hii?" akasema. "Mikono hii ilipumzika huyu akiwa bado kwangu. Alikuwa anachonga yeye."

"Vyote?" shangazi akauliza. Alikuwa ameinuka, ana mchanga mgongoni.

"Vyote vilivyomo humu. Alipoondoka niliwaletea vilivyobaki stoo, kimoja kimoja, mkidhani nachonga polepole kwa ajili ya uzee. Sasa stoo haina kitu. Hapo ndipo nikapumzika."

"Na jicho?"

"Jicho ndilo langu. Nilikuwa nimelichonga mapema kwenye mbao nyingi za viti, kabla mikono haijaniacha. Nikampa yeye azichonge ziwe vigoda, mimi nasimamia."

Mama mfinyanzi akaweka kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa nawaza jinsi nilivyowaambia wageni, mwaka hata mwaka, huyu mzee ana mkono usiotetemeka.

"Kwa nini hukusema?" Binti hakupaza sauti. "Mimi ningechonga tu. Ningechonga hata bila jina, kama ungeniambia mimi mwenyewe kwamba unajua."

Mzee aliitazama picha yake.

"Walikuwa wananiita fundi," akasema.

Nilidhani atalia, au binti atalia. Hakuna aliyelia. Binti aliacha kuishika meza.

"Sema tena," akamwambia baba yake. "Wa nyuma hawajasikia."

"Wamesikia."

"Sema, baba."

Akajikohoza. Kisha akageukia watu, na ile sauti yake ikakwaruza mpaka ukutani. "Vigoda ni vya binti yangu. Mimi nilitia alama tu. Anayetaka kigoda, akamtafute yeye."

Watu hawakupiga makofi. Nadhani hakuna aliyejua kama ni jambo la kupigiwa makofi. Walikuwa wamekaa vile vile, midomo wazi, kama waliomwagiwa maji baridi na bado hawajavuta pumzi. Mtunzi peke yake ndiye aliyeonekana kuhesabu vina kwa vidole.

Binti akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, niletee kile chenye ua."

Nilikwenda mbio. Niliporudi, alikuwa amekaa chini mbele ya meza na begi lake liko wazi, amechagua patasi nyembamba. Aligeuza kigoda juu chini. Jicho likatutazama sote.

"Unalitoa?" mzee akauliza.

"Nalitoa."

 Mzee akaliinua koti lake zuri lisiguse mchanga, akakaa chini mkabala na binti yake, akakibana kigoda kati ya magoti yake kisicheze. Mikono ilikuwa inatetemeka kando yake kama haimhusu. Magoti yalitulia kabisa.

Patasi ikaanza kula. Vipande vyembamba vilikuwa vikijikunja na kudondoka juu ya viatu vya mzee. Shangazi aliniambia kwa mkono nilete kingine, nikaleta, nikakaa nacho tayari. Watu wa nyuma walisimama ili waone.

"Usiingie ndani sana," mzee akasema. "Utatoboa kiti."

"Unene wake naujua," binti akamjibu bila kuinua macho. "Nimekichonga mimi."