Saa ya Lori kwenye Basi la Shemeji

"Mguse aongeze!" nilipiga kelele kutoka gizani.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Nilikuwa nimechutama mbele ya basi, nimejifunika mablanketi yote ya dada yangu, mkononi nimeshika taa ya tyubu iliyong'olewa sebuleni kwake. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Juu, kwenye usukani, alikaa shemeji yangu, dereva, ambaye hata ningelia kama king'ora asingenisikia. Ndiyo maana dada alisimama nyuma yake: bega likiguswa mara moja, akanyage mafuta; mara mbili, atulie hapo hapo.

"Nimeshamgusa!" dada akajibu. "Na hilo blanketi jeupe likishika oili, mdogo wangu, nitakuchuna ngozi nitandikie kitanda."

Masikio ya shemeji yalikuwa yameliwa na injini. Kwenye mabasi ya zamani injini hukaa ubavuni mwa dereva, na yeye alikuwa ameishi nayo miaka mingi kuliko aliyoishi na dada. Alizoea kubadili gia kwa kusikiliza. Masikio yalipomtoka, akawa anakanyaga mpaka basi linapiga mayowe, abiria wameziba masikio, naye anatazama mbele kwa utulivu kama anaendesha wingu. Mwenye basi, tuliyemwita Tajiri, akasema Jumamosi atapanda mwenyewe. Injini ikilia tena, funguo anazichukua.

Mimi nilikuwa nimepita tu kusalimia. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kupita tu; shule niliigusa hapa na pale, nyingine nikaimalizia chini ya magari ya watu. Nikasema, asiyesikia si ana macho? Nikaenda kung'oa saa ya mizunguko kwenye lori bovu la dizeli, ile inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, nikaifunga kwenye dashibodi ya basi. Juu ya kioo chake nikapiga mstari kwa rangi ya kucha ya dada: mshale ukifika hapa, badili gia.

Tatizo, saa hiyo hupata habari zake kutoka kwenye alteneta, ile inayochaji betri, na alteneta ya basi ilikuwa na puli, gurudumu la mkanda, ndogo kuliko ya lori, kwa hiyo ilizunguka upesi zaidi. Basi limesimama, linanguruma tu, saa ikasema tunashuka mlima bila breki.

"Saa yako ina homa!" shemeji akasema, mtaa mzima ukasikia.

Nyuma ya saa kulikuwa na skrubu ya kuirekebishia. Lakini uirekebishe kwa kufuata nini? Hapo nikakumbuka ujanja wa fundi umeme mmoja wa zamani. Unapiga mstari wa chaki kwenye puli ya injini, unaumulika gizani kwa tyubu. Tyubu hukonyeza kwa mapigo ya umeme, upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Injini ikifika mizunguko elfu moja na mia tano, mstari mmoja unaonekana minne, msalaba uliosimama tuli kama picha. Basi hapo unageuza skrubu mpaka mshale nao ukubali.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Fundi cherehani wa jirani akatupitishia waya mpaka sebuleni kutoka kwenye jenereta lake.

"Mbona feni yangu inazunguka kama imefiwa?" dada aliuliza kabla hatujaanza.

Nikamwambia aache mambo ya feni, hapa tuko kwenye sayansi.

Msalaba ukasimama. Dada akagusa bega mara mbili, nikapanda kwenye dashibodi, nikageuza skrubu mpaka mshale ukakaa kwenye elfu moja na mia tano.

Jumamosi Tajiri alikaa nyuma ya dereva, vidole vikiwa tayari karibu na masikio. Shemeji alitazama mshale tu. Ukigusa rangi ya kucha, gia. Basi likapanda mlima likijisemea chini chini. Vidole vya Tajiri vikashuka, kisha kichwa. Alikoroma mpaka mwisho wa safari.

"Mmefungua injini?" akauliza, anafuta mate.

"Hatujaigusa."

"Basi mabasi yangu yote yafungwe hizo saa."

Kabla ya kuanza kuzifunga, umeme ukiwa umerudi, nikataka kuihakiki saa ile ya kwanza. Mshale upo pale pale, lakini msalaba ukakataa kusimama. Ulitembea kinyumenyume, polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Nikaelewa. Jenereta la fundi cherehani lilizunguka kivivu, tyubu ikakonyeza kivivu, na saa yangu ilikuwa ikidai mbio ambazo injini haijazifikia. Shemeji alibadili gia mapema kuliko nilivyopanga. Usingizi wa Tajiri ulikuwa matunda ya kosa langu.

Nikachukua bisibisi nirekebishe. Mkono ukaninyang'anya.

"Nilikwambia feni imefiwa," dada akasema.

"Lakini saa inadanganya, dada."

"Imedanganya, na mume wangu karudi na funguo mfukoni. Iache."

Kwa hiyo kila basi lilipokuja, nilichomoa waya wa nyumbani nikamwomba fundi cherehani awashe jenereta. Tajiri akauliza mbona umeme upo.

"Huu una haraka sana, Tajiri."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua hilo siku zote.

Nilipopita kusalimia mara ya mwisho, shemeji alikuwa ameshastaafu. Saa ya lori imetundikwa sebuleni, chini ya tyubu, ule mstari wa rangi ya kucha bado mwekundu. Alikuwa anasinzia kitini. Dada akapita nyuma yake na sinia la chai, akamgusa bega mara moja. Bila kufumbua macho, shemeji akanyoosha mguu, akakanyaga zulia taratibu.