Kila Mtu na Bureti Yake

Siku ya jaribio la maabara, chuoni Wembley, London, Vaileth alisimama mbele ya meza amefunga mikono nyuma kama mahabusu. Ningemcheka, ila na yangu ilikuwa hukohuko.

Tumesoma wote sekondari ya kata, vijijini Rungwe. Shule nzima ilikuwa na bureti moja, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, na mwalimu alikuwa na sheria moja: mikono nyuma, tazama kwa macho. Tukatazama mpaka tukafaulu. Leo kila mtu kawekewa bureti yake na chupa ya kukingia chini yake, na atakayeshindwa hapati nafasi ya kusomea uuguzi.

"Vai, ishike, haing'ati," nikanong'ona.

"Ikivunjika?"

"Tutasema uliikuta hivyo."

"Uli, usinichekeshe, nitakojoa."

"Kojoa kwenye chupa, tuipime."

Hakucheka. Mwalimu, mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni, akaja kuuliza kama tunaumwa.

"Hapana, madamu," Vaileth akajibu. "Tunasubiri uanze, sisi tutazame."

"Mimi? Jaribio ni lenu," akasema, akaenda meza nyingine.

Vaileth akatoa mkono mmoja, akafungua koki. Tone la kwanza likaangukia mezani, nje ya chupa. Akanitazama, macho yamemtoka. Akaisogeza chupa, akafungua tena.