Dubu Apiga Picha ya Mazishi

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mwezi wa Septemba, mzee Kiyoharu alikuwa ukingoni mwa mto wao, katika rasi ya Shiretoko, jicho kwenye kamera, akimvizia bundi mla samaki. Mkewe Fusae alikuwa akimimina chai. Bundi ameshainamia maji, dubu jike mwenye doa jeupe kifuani akatoka vichakani na mwanawe, akaketi mbele ya lenzi.

"Babu, leo nipige ya mazishi."

"Sogea kwanza, unaniziba bundi."

Wazee wote wa kijiji walikwishapiga za kwao mapema, ili wakifa wasije wakawekwa kwenye madhabahu ya wafu nyumbani na sura ya kitambulisho. Fusae alikuwa amerudia yake mara tatu, na mara zote kosa lilikuwa la kamera.

"Una miaka mingapi wewe?" Fusae akamuuliza dubu.

"Tisa, bibi."

"Tisa! Na haraka yote hii ya kufa?"

"Jana nimekula soseji sita darajani. Wawindaji wameniona."

Kiyoharu aliacha kumtafuta bundi. Ni yeye aliyempiga picha pale darajani, akaitoa kwa wachapaji wa kalenda, na chini yake akaandika jina la daraja, kwa kujivunia mto wa kwao. Tangu hapo magari ya wageni hupanga foleni, vioo vinashushwa, soseji zinarushwa. Dubu akishazoea mkono wa mtu huwafuata watu hadi majumbani, na huko hupigwa risasi. Yote hayo yameandikwa kwenye ubao mkubwa pale darajani. Wageni huupiga picha ubao nao.

"Si uache kuzila, mwanangu?"

"Zina chumvi, babu," dubu akasema, akiangalia chini.

Fusae alimbandua magamba ya samaki mashavuni, akamchana kwa kitana chake mwenyewe.

"Funga mdomo. Kwa meno hayo nani atakaa matangani?"

Dubu alitoka mzuri kweli pichani. Kiyoharu alikuwa akimpenda mnyama yule kupita kiasi, naye alilia nyuma ya kamera bila kujificha.

Dubu alipigwa risasi Alhamisi, nyuma ya shule. Wazee waliweka picha yake nyumbani kando ya picha za marehemu wazazi wao, na bakuli la wali mbele yake. Kisha Kiyoharu akawapigia simu wachapaji, akawasihi wafute jina la daraja.

"Haiwezekani, mzee. Kalenda imependwa mno, tumeshachapa nyingine."

Jumamosi dubu alikuwa darajani kama kawaida, amekonda kidogo kwa sababu ya kufa. Wageni walishusha vioo.

"Huyo hapo! Mrushie, mrushie!"

Alinyoosha mikono yote miwili kuzidaka. Soseji zilipita katikati ya kifua chake, moja baada ya nyingine, zikaanguka nyuma yake, alipokuwa ameketi mwanawe. Mtoto akaonja ya kwanza, akalamba midomo, akasogea karibu na magari.