Wimbi la Kusukumana

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Iteka na Rozina walikaa nyuma ya darasa la saba wakigawana kiazi kitamu cha kuchemsha. Iteka hakuwa na rafiki mwingine shule nzima. Siku hiyo hawakukimaliza. Mwalimu Telesfori aliwaita wote uani. Mkononi alikuwa na kamba ya kufungia ng'ombe.

Akaitikisa. Nundu ikakimbia toka kwake hadi kwa mtoto aliyeshika ncha ya pili, kamba yenyewe isiende popote. Hilo ni wimbi la kupanda na kushuka, alisema. Juu kilele, chini bonde. Kisha akataka lile la kusukumana, kama sauti inavyopita hewani. Akawapanga mstari mmoja, kila mtu mikono mgongoni mwa mwenzake. Mbele kabisa, uso karibu na ukuta wa matofali, akamweka Iteka. Nyuma yake Rozina.

"Mkimbizi leo kafika mpakani," Mhoja alitania kutoka mkiani.

Iteka alizaliwa hapohapo Nyamahanga, na mama yake pia. Lakini bibi yake alitoka Burundi, ikatosha. Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, kisha akamwagiza Mhoja aanzishe wimbi kwa ncha za vidole tu.

"Wimbi halifiki likiwa kubwa kuliko lilivyotumwa," akawaambia. "Njiani linapungua."

Mhoja akasukuma. Iteka aliwasikia wenzake wakiyumba mmoja mmoja, taratibu, wimbi likimkaribia. Halafu paji lake la uso likapiga tofali.

Damu ikamwingia jichoni. Mwalimu aliuliza nani kacheza. Kila mmoja akasema kapokea, kapitisha. Basi akamtuma Iteka akanawe, arudi haraka achore kilele na bonde.

Jioni, njiani, Rozina alimpa pole. Alisema nguvu ilitoka huko nyuma, yeye aliipitisha tu. Iteka alitamani kuamini.

"Mhoja alisukuma kwa vidole," Iteka alisema. "Sasa ile kubwa ilitoka wapi?"

Rozina alitazama mbele, ambako wasichana wa darasa lao walikuwa wamesimama wakimngoja.

"Kwangu," alisema. "Wanasema nikikaa na wewe, na mimi ni mkimbizi. Nilitaka waone siyo."