Kichwa Changu, Mashine ya Shemeji

Shemeji yangu ni kinyozi, na hamu yake kubwa hapa duniani ilikuwa kichwa changu. Si akili zilizomo, maana anasema hamna kitu. Alitaka nywele.

Shuleni tulinyolewa vipara mwaka baada ya mwaka, mwalimu wa nidhamu akitupitishia kiganja utosini kama mtu anayechagua tikiti maji. Siku niliyoweka kalamu chini kwenye mtihani wa mwisho, niliapa kwamba mashine haitanigusa tena. Nywele zikaota, zikajaa, zikafika mahali nikiingia mlangoni zinatangulia zenyewe. Kazi sikuwa nayo. Kitanda sikuwa nacho, nililala kwenye kochi la dada. Lakini nywele zilikuwa zangu, na hakuna aliyeweza kunisimanga nazo kwamba ndiye aliyeninunulia.

Shemeji alijaribu hata hivyo. "Nyumbani kwangu nafuga kuku wawili na kichaka kimoja," aliwaambia wateja wake. "Kuku angalau wanataga."

Saluni yake imepakana na kibanda cha gemu cha Bi Pedi, na kati yao kuna ukuta mmoja wa mbao unaopitisha kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe. Bi Pedi ni mama mtu mzima, mwenye kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, tayari kwa kazi. Jina amelipata kwa sababu hapokei pedi yake ya kuchezea gemu mpaka abonyeze kila kitufe, akikutazama usoni, kama daktari anayebonyeza tumbo na kuuliza hapa je, na hapa je. Kibanda kina televisheni moja, gemu moja la kupigana, na sheria moja: aliyeshindwa anainuka, aliyeshinda anabaki kwenye kiti.

Kile kiti kilikuwa cha shemeji. Jioni akifunga saluni anahamia upande wa pili, anakaa, na kinachomwinua ni Bi Pedi kuzima umeme. Mpiganaji wake kwenye gemu ni Jitu, pande la mtu lenye kifua wazi, zito, goigoi, lakini likikukaba umekwisha. Kukabwa na Jitu hakukingiki. Dawa yake ni kuruka palepale linaponyoosha mikono, na ukiruka mapema linakudaka hewani na kukubwaga kama gunia la mkaa. Mimi nacheza na kijana wa kitambaa chekundu, mwepesi, wa mateke. Mwepesi mpaka anapokutana na Jitu.

Jumapili ile shemeji alinipiga mpaka watu wakanionea huruma, na si watu wa huruma wale. Alimpa mteja wake mmoja simu arekodi. Nilipoinuka, akanigeukia kibanda kizima kikisikia.

"Shem, nikupe nafasi ya kujikomboa?"

"Wa kupewa nafasi ni wewe."

"Basi Jumapili ijayo. Wa kwanza kushinda raundi tatu. Ukishindwa, unakaa kwenye kiti changu cha saluni, nakunyoa hapohapo mbele ya watu hawa mpaka ngozi iwake. Na kesho yake unaanza kufagia nywele za wateja, za kwako zikiwa za kwanza."

"Na nikishinda?"

Watu walicheka. Hilo liliniuma kuliko kipigo chenyewe.

"Ukishinda," akasema shemeji, akijifuta machozi ya kicheko, "sitazitaja nywele zako mpaka naingia kaburini."

"Andaa kaburi," nikasema. Mdomo wangu ndio ulivyo. Unatia saini kabla mimi sijasoma.

Nyumbani dada alikuwa kwenye cherehani, pini zimemjaa midomoni. Alizitoa moja moja ili anitukane vizuri.

"Umekubali? Na Jitu lake unalijua? Mdogo wangu, wewe una kichwa kweli?"

"Mpaka Jumapili ninacho."

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Bi Pedi kufanya mazoezi, kibanda kikiwa hakina mtu. Sijamaliza hata kukaa, nikasikia sauti yangu mwenyewe ukutani.

Shemeji alikuwa anamwonyesha mteja ile rekodi. Kicheko. Mashine ikaanza kunguruma juu ya kichwa cha mtu. Mashine ikazima, *fuu*, shemeji akapuliza vinywele kwenye meno ya mashine kama kawaida, akamalizia ukingo wa nyuma, "haya, simama." Akaingia mteja wa pili. Rekodi ikaanza upya. Wa tatu, vilevile. Kufikia mchana nilikuwa nimepigwa mbele ya nusu ya mtaa.

"Unamsikia?" nikamwambia Bi Pedi. "Huyu si mtu. Huyu ni ugonjwa."

"Namsikia. Nakusikia na wewe. Unapiga kelele kama jogoo anayechinjwa."

Nilitaka kumjibu, lakini rekodi ilikuwa imeanza tena, na safari hii, kwa vile picha sikuwa nayo, nilisikiliza. "Kula hii!" nasema mimi. Halafu *kop*, sauti ya teke kukingwa. Halafu kishindo cha mimi kubwagwa. "Kula hii!" *Kop.* Kishindo. Kisha nacheka, kile kicheko changu cha hihihi, na baada ya kicheko, kila mara, kishindo kingine.

Nikainuka nikabandika sikio kwenye mbao.

Kumbe nilikuwa natangaza. Nikisema kula hii, teke linakuja, na shemeji anakinga tu na kunisubiri. Nikicheka, narudi nyuma kuvuta pumzi, naye anajua miguu yangu imesimama, ananifuata ananikaba. Hakuwa anatazama kijana wangu wa kitambaa chekundu hata kidogo. Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari, na msomaji ni mimi.

Siku nzima nikacheza kimya. Ikawa balaa. Gemu lenyewe, likicheza bila mtu, lilinitandika. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kusubiri amri kutoka mdomoni, na mdomo ukifungwa vinakaa tu kama vibarua wasio na msimamizi.

"Unanuna nini?" akauliza Bi Pedi. "Kibanda kimekuwa msiba."

"Natenganisha mdomo na mikono."

"Hivyo havitenganishwi kwa kununa. Mimi namenya viazi huku nagombana na wifi yangu, na sijawahi kujikata. Hebu cheza. Nitakuhadithia alivyonifanyia kwenye harusi."

Basi hayo ndiyo yakawa mazoezi. Bi Pedi anamsema wifi yake, mimi napigana na Jitu linalochezeshwa na gemu lenyewe na kumjibu. Kila baada ya muda ananiuliza, "Nilikuwa nasema nini?" Nikishindwa kujibu, kandambili. Nikijibu nikapigwa na Jitu, kandambili. Siku za kwanza nilijua habari za wifi au nilijua gemu, si vyote viwili. Nikajifunza kuwa teke refu likikingwa nimekwisha, bali lile fupi la chini hata likikingwa narudi salama. Nikajifunza kuchoma kwa fupi, fupi, kisha kusubiri. Ni kazi ya kuchosha, haina hata chembe ya sifa, hakuna anayeshangilia teke la kwenye ugoko. Kabla ya wiki kuisha niliweza kusema, "Yaani alikuja na gauni jeupe harusini kwa mtu mwingine?" kwa mshangao wa kweli kabisa, huku kijana wangu anaruka mikono ya Jitu na kushukia kichwani kwake.

"Na kiatu cheupe," akasema Bi Pedi. "Umeruka vizuri. Wifi si mtu."

Na upande wa pili wa ukuta rekodi ikaendelea, mteja baada ya mteja. Fuu. Haya, simama.

Jumapili shemeji alikuja na mashine yake ya kunyolea mkononi, imechajiwa. Akaiweka juu ya televisheni, meno yakinitazama. Dada alikuja pia, amekunja mikono, na sikuweza kujua yuko upande wa nani. Nadhani wa cherehani.

"Umeaga kioo?" akauliza shemeji.

"Kimelia, nikakiambia nitarudi."

Raundi ya kwanza. "Kula hii!" nikasema, na sikufanya lolote. Jitu likajikunyata kukinga upepo. Nikalisogelea nikalichoma ugokoni mara mbili, nikarudi. Nikacheka hihihi. Jitu likaja mbio kukaba mtu aliyesimama, likamkuta yuko hewani anashuka na visigino. Kibanda kikapiga kelele. Shemeji akanitupia jicho kama mtu anayefungua kufuli lake akakuta ufunguo unagoma.

Raundi ya pili nikasema kula hii, na nikapiga kweli. Alikuwa ameacha kukinga. Halafu nikamweleza habari za wifi wa Bi Pedi kutoka mwanzo, na gauni, na kiatu, nikampigia kati ya sentensi na sentensi. Mbili kwa bila.

Shemeji akaweka pedi chini.

"Bi Pedi! Hii ni gemu au ni mahubiri? Huyu anyamaze. Atakayefungua mdomo, raundi imempotea. Si anajiona anajua kucheza? Acheze."

"Kwani leo masikio yanakuuma?" nikasema. "Ulikuwa unayapenda maneno yangu wiki nzima, mpaka unawachezea wateja."

"Ndiyo au hapana?" Sasa hakuwa anatania. Mshipa ulikuwa umemsimama shingoni. "Au bila mdomo huna kitu? Sema mbele ya dada yako kwamba bila mdomo huna kitu, nikunyoe taratibu."

Bi Pedi akanitazama. Watu wakanitazama. Dada akasema, "Mume wangu, anapokupiga ndipo unakumbuka adabu?" lakini mimi nilikuwa nimeshatikisa kichwa kukubali. Mdomo ulikuwa haujasema kitu, na bado nilitia saini.

Kibanda kikanyamaza. Sijawahi kukisikia kimya namna ile. Feni ilikuwa inakwaruza. Raundi ya tatu Jitu lilinikaba nikiwa bado nashangaa feni. Nilichoma ugokoni kama nilivyojifunza, lakini kila nilipongoja mikono yake sikujua itakuja lini, nikawa naruka mapema, nadakwa hewani, gunia la mkaa. Mbili kwa moja. Shemeji akaichukua mashine, akaiwasha kidogo, *ngrrr*, akaizima, akairudisha.

Raundi ya nne nikapigwa tena. Lakini katikati yake kuna sauti niliisikia, nikadhani ni feni. Ikaja mara ya pili, na Jitu likanikaba. Ikaja mara ya tatu, nikakabwa ya mwisho. Mbili kwa mbili. Watu walipiga makofi, shemeji akavua saa yake na kumpa mtu ashike, kama anayejiandaa kuosha vyombo.

*Fuu.*

Haikuwa feni. Ilikuwa ile sauti niliyoisikiliza ukutani wiki nzima. Mashine inanguruma, inazima, anapuliza vinywele, anamalizia. Miaka yote amepuliza kabla ya kumalizia kichwa cha mtu, mpaka sasa anapuliza kabla ya kumalizia chochote. Na mimi sikuwahi kuisikia akicheza, kwa sababu kila alipopuliza, aliyekuwa anaongea ni mimi. Kimya alikiomba mwenyewe.

Raundi ya tano nikaacha kutazama mikono ya Jitu. Nikachoma ugokoni, nikarudi, nikasubiri. Jitu likanitandika kofi, nikavumilia. Damu ya kijana wangu, ule mstari wa uhai juu ya skrini, ikabaki kijistari. Shemeji akasogea mbele kwenye kiti, shavu lake likaumuka.

*Fuu.*

Nikaruka. Mikono ya Jitu ikakumbatia hewa, visigino vikashuka utosini. Nikachoma, nikarudi. Sikusema kitu, ingawa ulimi ulikuwa unanipiga teke meno. *Fuu.* Nikaruka. Shemeji akatukana chini chini, lakini kutukana ni kufungua mdomo, na Bi Pedi akainua kandambili: "Nimesikia! Nikihesabu, raundi imekupotea. Nisihesabu?"

"Usihesabu!" nikapayuka mimi. Na sasa tulikuwa wawili, na hapakuwa na wa kumhukumu mwenzake. Shemeji akakazia macho televisheni, amekasirika mpaka masikio yanacheza, akapuliza fuu ndefu kuliko zote, na kibanda kizima nadhani kiliisikia, ila aliyeijua maana yake alikuwa mmoja.

Nikaruka. Jitu likaanguka chali, likatikisa uwanja.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka shemeji akibonyeza kitufe kilekile tena na tena, gemu likiwa limeisha.

"Hii pedi mbovu," akasema. "Kitufe kimekwama."

Bi Pedi akaipokea. Akabonyeza cha kwanza. Akabonyeza cha pili. Akavimaliza vyote bila haraka, akimtazama shemeji usoni, na watu wote wakingoja.

"Nzima," akasema. "Inuka kwenye kiti."

Akainuka. Akachukua mashine yake juu ya televisheni, akapita karibu yangu hata bega likanigonga. "Unalala kwangu," akasema. "Usisahau usingizi ni mtamu na mimi naamka mapema." Usiku ule nililala nimejifunga kichwa kwa mtandio wa dada, mafundo mawili.

Asubuhi nilikuwa kwa Bi Pedi, kwenye kiti. Ukutani rekodi haikuwapo. Mashine ilinguruma, ikazima. *Fuu.* Nikacheka kabla sijajizuia.

"Unacheka nini huko, wewe kichaka?"

"Uliapa hutazitaja, shem."

"Nimemwambia mteja," akasema. Mteja alikuwa na upara, baadaye nilimwona akitoka. Halafu shemeji akasogea karibu na mbao, sauti ikashuka. "Ulijuaje? Zile kaba zangu. Ulijuaje nakuja lini?"

Neno lilipanda lenyewe. Lilifika kooni, likafika kwenye meno, likiwa limevaa vizuri, na utani wake, na mkia wake. Bi Pedi alikuwa na kiazi mkononi, kisu kimesimama.

"Jioni ukifunga uje," nikasema, "kiti kiko huku."

Nikachukua pedi, nikaendelea na mateke ya ugokoni.